Klova ya Mount Barker na Viumbe wa Mizizini

Katika vilima vilivyo mashariki ya mji wa Adelaide, kusini mwa Australia, nchi ambayo watu wa Peramangk waliikaa kwa karne nyingi hata walowezi wa Kiingereza wakaitwaa baada ya mwaka 1836, kuna kitongoji kiitwacho Blakiston, karibu na mji wa Mount Barker. Na ni hapo, mwaka 1889, ambapo Amos Howard, mzaliwa wa Uingereza aliyejipatia riziki kwa kitalu cha miche, alipopita katika shamba la jirani yake aliuona mmea mdogo wenye kutambaa, wa majani matatu matatu, umestawi kwa kijani kilichokoza mahali ambapo nyasi zote zilizouzunguka zilikuwa haba na dhaifu. Mmea huo haukuwa wa nchi ile. Asili yake ni nchi zilizoizunguka Bahari ya Kati, wala hapakuwa na mtu aliyekusudia kuuleta. Ulijifikia wenyewe, kwa dhana iliyo karibu na yakini, ndani ya majani makavu waliyolishwa wanyama melini, au katika manyoya ya kondoo, au umechanganyika na mbegu nyingine. Howard, ambaye jicho lake lilikuwa limezoea kutafautisha mche na mche, aliuchunguza akaona ajabu yake: ua likisha kunyauka, kikonyo chake huinama mpaka chini na kuisukuma mbegu ardhini, kama mtu afukiaye akiba yake kwa kuihofia miaka ya dhiki, hata jua la kiangazi wala meno ya kondoo yasiweze kuimaliza, na mvua za kwanza zinyeshapo, shamba huota upya bila ya mkulima kutia mkono.

Alichokiona Howard kilikuwa juu ya ardhi. Kilichokuwa chini yake hakukiona, wala hakuna aliyemtazamia akione, na hicho ndicho ninachotaka kukisimulia hapa, kwa kuwa siijui nchi nyingine ambayo historia yake inabainisha waziwazi kiasi hiki jinsi nyama, sufu na uzazi wa mnyama vinavyoamuliwa gizani, ndani ya vinundu vya mizizi ambavyo aghalabu ni vidogo kuliko punje ya mtama.

Kwamba mimea ya jamii ya mikunde huitia nchi nguvu lilikuwa jambo la kale. Columella na waandishi wengine wa Kirumi waliandika juu ya faida yake, na mkulima wetu apandaye kunde na choroko katikati ya mahindi anaijua pasipo kuhitaji kitabu. Lililokuwa halijulikani ni sababu. Mwaka 1838 Mfaransa Jean-Baptiste Boussingault, baada ya kupima kwa mizani kila kilichoingia na kila kilichotoka katika majaribio yake, alidai kwamba klova hupata naitrojeni zaidi ya ile iliyomo katika mbegu na udongo, na kwamba ziada hiyo haina budi kutoka hewani. Wakamjibu mabwana Lawes na Gilbert wa Rothamsted, Uingereza, wakishirikiana na Mmarekani Evan Pugh, ambao mwishoni mwa miaka ya 1850 waliotesha mikunde ndani ya vyombo vya kioo vilivyofungwa, wakiwa wameuchoma udongo kwanza ili kuuondolea kila kitu kiwezacho kuiharibu hesabu, na walipopima hawakuona ziada yoyote. Kazi yao ilikuwa safi mno, na usafi huo ndio ulioificha kweli, maana moto ule uliotakasa udongo uliwaua wale wenye kuifanya kazi.

Fumbo lilifumbuliwa mwaka 1886, pale Hermann Hellriegel wa Bernburg aliposimama mbele ya mkutano wa wanazuoni mjini Berlin akaeleza kwamba mikunde haijilishi yenyewe kwa naitrojeni ya hewa, bali hulishwa na viumbe wadogo wakaao katika vinundu vya mizizi yake. Na yeye pamoja na mwenzake Wilfarth wakaitoa hoja hiyo kwa ukamilifu mwaka 1888. Mwaka huohuo Martinus Beijerinck, katika nchi ya Uholanzi, aliwatoa viumbe hao vinunduni akawalea peke yao chomboni. Ni bakteria ambao leo twawaita rizobia. Kwa hiyo mwaka mmoja tu kabla ya Howard kuinama katika shamba la jirani yake, elimu ya Ulaya ilikuwa imekwisha kuupata ufunguo wa jambo alilokuwa akilitazama; lakini baina ya chumba cha majaribio cha Ulaya na vilima vya Mount Barker palikuwa na umbali wa miaka mingi.

Inafaa tueleze kidogo namna kazi hiyo inavyofanyika, maana bila ya hayo historia yote itakayofuata haitakuwa na maana. Sehemu karibu nne katika kila tano za hewa tuivutayo ni naitrojeni, ilhali hakuna mmea wala mnyama awezaye kuitumia vivyo hivyo ilivyo. Rizobia huingia katika unywele wa mzizi, nao mzizi huwajengea kinundu. Mmea huwapa sukari iliyotengenezwa majanini kwa nguvu ya jua, nao huigeuza naitrojeni kuwa amonia, ambayo kwayo mmea hutengeneza protini. Ukikipasua kinundu kilicho hai utakuta ndani yake rangi nyekundu, na mwaka 1939 Mjapani aitwaye Kubo alithibitisha kuwa rangi hiyo ni ya hemoglobini, jamaa wa ile iliyomo katika damu yetu. Kinundu cheupe au cha kijani hakina kazi kifanyayo, na shamba lenye vinundu vya namna hiyo, hata likiwa limejaa klova, litatoa majani ya manjano yasiyomnufaisha mnyama kwa kadiri yapasavyo.

Manufaa yenyewe ni makubwa kuliko mtu adhaniavyo akiutazama uzito wa majani peke yake. Mnyama mwenye kucheua hajilishi mwenyewe tu, bali kwanza huwalisha bakteria wengine wakaao katika tumbo lake la kwanza, na hao ndio wanaozivunjavunja nyuzi ngumu za majani. Wakikosa naitrojeni hushindwa, chakula hukawia tumboni, na mnyama huacha kula hata kama nyasi kavu zimemfikia magotini. Milford na Minson, waliochunguza malisho huko Queensland katika miaka ya 1960, walionyesha kwamba protini ghafi ya nyasi ishukapo chini ya takriban asilimia 7, ulaji wa mnyama hupungua mara moja. Nyasi za kiangazi hushuka chini ya kiwango hicho kwa wepesi sana, lakini klova changa yenye vinundu vyema hupita asilimia 20, na hata ikauke, mbegu zake zilizomo katika vigunzi vya ardhini hubaki kuwa chakula kizuri ambacho kondoo hukichokora kwa midomo. Basi mnyama yumo katikati ya makundi mawili ya bakteria, wale wa mizizini na wale wa tumboni mwake, na afya yake haiwezi kuzidi yale waliyopeana.

Howard alikaa miaka mingi akiwaeleza majirani habari za mmea wake, nao hawakumsikiliza. Mwaka 1906 alianza kuandika magazetini mjini Adelaide, na akabuni njia za kuivuna mbegu iliyofukiwa ardhini, kazi ambayo wengi waliiona kuwa ni muhali. Na baada ya hapo biashara ya mbegu ikaanza, kwanza kwa ratili chache, kisha kwa tani. Aina aliyoieneza ikaitwa Mount Barker. Hata alipofariki mwaka 1930 alikuwa ameiona klova yake ikienea mbali na vilima vyake, ingawa hakuyaona mamilioni ya hekta yatakayofunikwa nayo baadaye, kutoka Victoria na New South Wales mpaka pembe ya kusini-magharibi ya bara lile. Mimi namhesabu miongoni mwa wakulima wakubwa wa zama zake, hususa kwa sababu ya subira ile.

Lakini klova peke yake isingefika popote. Udongo wa Australia ni wa kale mno, umeoshwa na mvua za mamilioni ya miaka hata fosforasi yake ikawa kidogo sana, na rizobia wanahitaji fosforasi kwa wingi, maana kazi ya kuivunja naitrojeni hula nguvu nyingi. Profesa Custance wa Chuo cha Kilimo cha Roseworthy, kilichoanzishwa mwaka 1883, na baada yake Profesa Lowrie, ndio waliowahimiza wakulima wa ngano watie mbolea ya superfosfeti. Na mbolea hiyo ilipokuja kutupwa juu ya klova, malisho yalifanya maajabu, kondoo waliolishwa katika eka moja wakaongezeka maradufu na zaidi. Haifai tulisahau jambo moja hapa: sehemu kubwa ya fosfeti hiyo ilichimbwa katika visiwa vidogo vya Nauru, Ocean na Christmas, na wenyeji wa Nauru na Ocean waliachiwa majabali matupu palipokuwa na mashamba na makazi yao. Kijani cha Australia ya kusini kililipiwa huko, na mwandishi wa historia ya malisho hana haki ya kulinyamazia.

Kisha likaja jambo la rizobia wenyewe. Australia imejaa miti ya jamii ya mikunde, akasia za kila namna, na miti hiyo ina bakteria wake. Lakini urafiki wa mikunde na bakteria si wa ovyo, kila ukoo una wake uwakubalio, na bakteria wa akasia hawana msaada kwa klova. Katika mashamba ya zamani yaliyozunguka Mount Barker, rizobia wa klova walikuwa wamekwisha kuingia pamoja na mbegu na vumbi la Ulaya. Katika nchi mpya iliyofyekwa kutoka msituni hawakuwapo, na mkulima alipopanda alipata miche iliyoota vizuri, ikakaa wiki chache, ikageuka manjano na kufa. Waliokuwa na akili ya shamba walichukua udongo wa shamba la zamani wakaunyunyiza katika shamba jipya, na mara nyingi ilifaa. Huko Ujerumani, Nobbe na Hiltner walikuwa wamekwisha kupata hataza mwaka 1896 ya kuuza bakteria waliolelewa chomboni kwa jina la Nitragin, na fikra hiyo ikafika Australia pia. Ila bidhaa zilizouzwa hazikuwa na mtu wa kuzihakikisha, na katika miaka ya 1950, wakati nchi mpya ilipofunguliwa kwa pupa baada ya vita, mashamba mengi yaliharibika kwa sababu pakiti zilizonunuliwa hazikuwa na bakteria hai wa kutosha. Ndipo mwaka 1956 Profesa J. M. Vincent wa Chuo Kikuu cha Sydney alipoasisi, kwa kushirikiana na Idara ya Kilimo, utaratibu wa kuwachagua bakteria walio bora na kuipima kila shehena kabla ya kuuzwa. Udongo mweusi wa mboji uliokaushwa na kusagwa ndio ulioonekana kuwa makazi mazuri ya kuwabebea.

Huko Australia Magharibi, katika nchi ya mchanga, taabu ilikuwa ya namna nyingine: klova ilistawi mwaka wa kwanza ikiwa na vinundu vyema, na mwaka wa pili ikafa. Bakteria waliopakwa juu ya mbegu waliweza kuishi mzizini, lakini mmea ulipokauka hawakuweza kukivuka kiangazi peke yao katika mchanga wenye moto. Kumbe haikutosha bakteria kuwa hodari ndani ya kinundu. Ilibidi pia awe mstahimilivu nje yake, na wachunguzi wa huko walipoanza kuwachagua kwa sifa hiyo ya pili ndipo malisho yalipotulia. Ni huko huko, mwaka 1955, ambapo Loneragan na wenzake walionyesha kuwa mbegu iliyovikwa unga wa chokaa huwakinga bakteria dhidi ya uchachu wa udongo katika siku zile chache za hatari kabla ya mzizi kutokeza.

Sasa nafika kwa mtu ambaye kisa chake ndicho kinachonivutia zaidi katika habari hizi zote. A. J. Anderson alikuwa mchunguzi wa malisho, akifanya kazi katika udongo wa mawechuma wa vilima vya Adelaide, udongo ambao ulipewa fosforasi, ukapandwa klova pamoja na bakteria wake, na bado klova ikawa dhaifu. Vinundu vilikuwapo, kazi haikuwapo. Anderson alitambua kwamba mahali palipochomwa magogo wakati wa kufyeka msitu, pale penye majivu, klova ilikuwa na kijani cha kweli, na wala hakuliacha jambo hilo lipite. Wengine wangesema ni potasi ya majivu, au ni chokaa yake, na kuridhika. Yeye aliyajaribu yaliyomo ndani ya majivu moja baada ya moja, na yale makubwa yote yakashindwa kueleza, hata akafikia madini ambayo wakulima wengi hawakuwahi kuyasikia jina, molibdeni. Na mwaka 1942 akatangaza kwamba kiasi cha wakia chache tu, kilichotandazwa juu ya eka nzima, kiliiponya nchi ile. Hermann Bortels wa Ujerumani alikuwa ameonyesha mwaka 1930 kwamba bakteria wengine wa udongoni wenye kuishika naitrojeni hawawezi kufanya hivyo bila ya molibdeni, lakini hakuna aliyekuwa ameikuta ardhi ya shamba, chini ya jua, ikilia kwa upungufu huo. Leo twajua kuwa chembe za molibdeni zimo katika moyo wa kile kimeng'enya kinachoivunja naitrojeni, na bila yake rizobia hukaa vinunduni wakila sukari ya mmea pasipo kulipa. Mbolea ya superfosfeti iliyochanganywa na molibdeni ikawa bidhaa ya kawaida, na maeneo makubwa yaliyokuwa yakiitwa mabaya yakageuka malisho.

Hata hivyo dawa hiyo ina mpaka wake, na mpaka huo ulikuwa umekwisha kujulikana Uingereza kabla ya Anderson kutangaza habari yake. Katika jimbo la Somerset yalikuwako malisho ya kijani yenye sifa mbaya tangu zamani, ambayo ng'ombe wakilishwa huharisha, hukonda, na manyoya yao hupoteza rangi. Na mwaka 1938 Ferguson na wenzake walibainisha kuwa sababu ni molibdeni iliyozidi, ambayo humzuia mnyama kuitumia shaba iliyomo mwilini mwake, na tiba ikawa kuwapa mrututu. Klova huivuta molibdeni kuliko nyasi. Kwa hiyo wakia ileile imfaayo bakteria ikitiwa ovyo itamdhuru ng'ombe, na mfugaji sharti apime.

Upande wa pwani ya kusini, Robe na Kisiwa cha Kangaroo, palikuwa na msiba mwingine ambao wafugaji waliuita ugonjwa wa pwani. Kondoo walikuwa wakisimama katikati ya majani mabichi wakifa kwa njaa: hamu ya kula ilipotea, damu ikapungua, macho yakalia machozi, na dawa pekee iliyojulikana ilikuwa kuwahamishia bara kwa miezi kadhaa. Huko Australia Magharibi, Eric Underwood na Filmer walikuwa wakiutibu ugonjwa kama huo kwa mawe ya chuma yaliyosagwa, wakaona ajabu kwamba jiwe la namna moja huponya na jingine haliponyi ilhali chuma chao ni kilekile. Wakalitenga jiwe lile sehemu sehemu, na nguvu ya kuponya ikaonekana imo katika uchafu mdogo uliofungamana nalo, nao ni kobalti. Mwaka 1935 wao kwa upande wao, na Hedley Marston na Lines huko Adelaide kwa upande wao, walilitangaza jambo hilo karibu wakati mmoja. Watu wa Bonde la Ufa la Kenya wanayo sababu ya kuijua habari hii, kwani ng'ombe wa Nakuru walikuwa wakidhoofika vivyo hivyo mapema katika karne ya ishirini, na John Boyd Orr, aliyeyachunguza madini ya malisho ya nchi ile, aliushuku upungufu wa chuma. Baadaye ikatambulikana kuwa ni kobalti.

Kwa nini kobalti? Jibu lilikuja mwaka 1948, vitamini B12 ilipotengwa na kuonekana kuwa kobalti imo katikati ya umbo lake. Bakteria wa tumbo la kwanza huitengeneza kwa kobalti ya majani, na mnyama huichukua kwao. Kisha mwaka 1960 Ahmed na Evans, huko Marekani, wakaongeza jambo ambalo kwangu mimi linaukamilisha uzuri wa habari hii yote: rizobia nao, ndani ya vinundu, hawawezi kufanya kazi bila ya kobalti. Na mwaka 1963 huko Australia Magharibi yalipatikana mashamba ambayo klova yenyewe ilikuwa na njaa ya kobalti. Mzizi na tumbo la kondoo vilikuwa vikililia kitu kimoja. Marston na wenzake walikuwa wamekwisha kumtafutia kondoo njia yake mwaka 1958, nayo ni kidonge kizito cha kobalti kimezwacho mara moja, kikalala chini tumboni na kuyeyuka polepole.

Baada ya yote hayo mtu angedhani malisho yamefika ukomo wa uzuri. Bakteria walikuwapo, fosforasi na molibdeni zimetiwa, mashamba yamejaa klova tupu, na kondoo wamenona. Ndipo mwanzoni mwa miaka ya 1940 wafugaji wa Australia Magharibi walipoanza kuona majike yao, yenye miili mizuri, hayashiki mimba. Wapo ambao, baada ya misimu michache, walipata wana wasiofika theluthi moja ya idadi ya majike. Waliozaa walizaa kwa shida, vizazi vikatoka nje, na hata madume waliohasiwa wakaonekana wakitoa maziwa. Bennetts, Underwood na Shier waliposhughulika na jambo hili na kuliandika mwaka 1946, walithibitisha kuwa chanzo ni klova yenyewe: ndani ya majani yake mna vitu vinavyofanya kazi ya homoni ya kike. Ilichukua miaka mingine kukijua kilicho hatari zaidi, nacho ni formononetini, ambayo peke yake haina nguvu kubwa, ila bakteria wa tumboni huigeuza kuwa kitu kingine, ekwoli, chenye kuingia damuni na kuuharibu uzazi. Aina ya Dwalganup, iliyopendwa kwa kuwahi kukomaa, ilikuwa miongoni mwa zile zenye sumu hiyo kwa wingi, pamoja na Yarloop na Dinninup. Na tangu hapo hakuna klova mpya iliyokubaliwa bila ya kupimwa kwanza kwa jambo hili.

Mambo mawili katika kisa hiki yanahusiana na udongo. La kwanza ni kwamba Rossiter, mchunguzi wa malisho wa huko huko magharibi, alionyesha katika miaka ya 1960 kuwa klova yenye upungufu wa fosforasi hutengeneza formononetini zaidi, hata alichokiokoa mkulima kwa kubana mbolea kikawa ni hasara zizini. La pili lilijulikana mwaka 1986, pale wanazuoni wa Canberra, kwa kuichunguza klova nyeupe, walipogundua kuwa mzizi humwaga udongoni vitu vya jamaa moja na hivyo, flavoni, na kwamba hivyo ndivyo vinavyowaamsha rizobia na kuwaita waje kujenga kinundu. Ukoo ule wa kemikali ambao kwa tawi lake moja humfanya kondoo tasa ndio ambao kwa tawi jingine humkaribisha mlishaji wa klova, na mtu wa kuzalisha mbegu anapolipunguza hili hana budi kulilinda lile.

Hesabu nyingine ilikuja kwa kuchelewa. Wachunguzi walipoyapima mashamba ya Crookwell, New South Wales, yaliyokaa chini ya klova na superfosfeti kwa miaka hamsini, walikuta naitrojeni imelundikana kama ilivyotarajiwa, lakini uchachu wa udongo nao umezidi kwa karibu nukta moja nzima ya kipimo chake. Hiyo ni kwa kuwa naitrojeni isiyotumika hugeuka naitreti, ikateremka na mvua na kuubakiza uchachu nyuma. Na katika udongo mchachu molibdeni hufungika, alumini hufunguka, na rizobia hufa. Chokaa, ambayo babu zao waliitia ili kuanzisha malisho, wajukuu wanaitia ili kuyadumisha.

Yapo pia yatuhusuyo sisi. Nyanda za juu za Ethiopia na Afrika Mashariki zina klova zake zenyewe, tafauti na za Ulaya, na mojawapo ni ile nyeupe ya Kenya, *Trifolium semipilosum*, iotayo pamoja na majani ya kikuyu katika nchi za baridi. Walowezi na mabwana shamba waliotia bakteria wa Ulaya juu ya klova za Afrika hawakupata kitu. David Norris wa Brisbane, aliyezijaribu katika miaka ya 1950 na 1960, pamoja na mwenzake 't Mannetje, alionyesha kuwa klova za Kiafrika zina bakteria wao, na nyingi hazipatani kabisa na wale wa Ulaya, hata vinundu vikitokea huwa vyeupe visivyo na faida. Na klova nyeupe ya Kenya ilipochukuliwa kupandwa Queensland pamoja na majani ya kikuyu, ambayo nayo ni ya Kenya, ilibidi ipakwe bakteria aliyetoka Kenya, aliyeandikwa katika daftari zao kwa nambari CB782. Chuo Kikuu cha Nairobi, katika kituo chake cha Kabete kilichoanzishwa mwaka 1977, kilianza kuwalea rizobia na kuwauzia wakulima kwa jina la Biofix, katika pakiti ndogo zisizostahimili jua, na kila pakiti huandikwa mmea ulioandaliwa kwa ajili yake, maana bakteria wa maharagwe hatamsaidia mtu aliyepanda soya, wala yule wa klova hatamfaa mwenye alfalfa.